Mwenye nyumba asema "mifugo yote" iondoke: na paka wangu je?

Assalaam aleikum mshauri,

Nakuandikia zikiwa zimebaki siku kumi na moja.

Mimi ni mpangaji katika jengo la ghorofa nne huku Kisauni, Mombasa. Naishi na mama yangu na mwanangu aliye Gredi ya 3. Kodi ni shilingi 18,000, nami huilipa kwa M-Pesa ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi. Tangu niingie Juni 2022 nimechelewa mwezi mmoja tu, na huo niliomba radhi mapema.

Nina paka wawili. Mkubwa, Kibibi, nilihamia naye. Siku ya kukabidhiwa funguo mwenye nyumba alimwona kikapuni akacheka, akasema, "Vizuri, atatupunguzia panya wa hapa chini." Mwaka wa pili Kibibi alizaa watoto wanne. Watatu niliwagawa, mmoja nikabaki naye. Huyo ndiye Pili.

Mkataba tuliandikiana kwa Kiswahili, kurasa mbili, wa mwaka mmoja. Ulipoisha Mei 2023 hatukuandika mwingine. Nikaendelea kulipa, naye akaendelea kupokea. Kifungu cha 7 chasema: "Mpangaji hataruhusiwa kufuga mifugo katika nyumba wala uani." Kifungu cha 11 chasema kila upande utatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Neno paka halimo popote.

Aprili mwaka huu mzee alimkabidhi ajenti jengo. Karibu wakati huohuo kukazuka ugomvi kuhusu mbwa wa jirani wa ghorofa ya tatu, anayepelekwa juu ya paa tunapoanika nguo na kuacha uchafu. Tarehe 14 Mei ajenti akatuma ujumbe huu kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: "Wapangaji wote. Kuanzia tarehe 1 Juni hairuhusiwi kufuga mifugo yoyote, mbwa, paka, kuku wala ndege. Mwenye mifugo aiondoe kabla ya tarehe 31 Mei au aachilie nyumba. Atakayepatikana atatozwa faini ya 5,000 kwa kila mnyama, itakatwa kwenye dipoziti."

Kila mtu ana lake. Kaka yangu aniambia nigome kulipa kodi mpaka waufute ujumbe. Jirani aniambia nikimbilie baraza la kodi, huko wenye nyumba hutiwa adabu. Mama asema nyumba zimejaa mji mzima, tuhame tupumzike. Msimamizi wa jengo, ambaye si mtu mbaya, alininong'oneza niwatie guniani usiku nikawaachie soko la samaki, "watajitafutia." Mwanangu alisikia. Tangu siku hiyo kila akisikia hodi humfungia Pili kabatini.

Niseme na la kwangu. Pili alipokuwa mdogo alizoea kukojoa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, na siku za joto harufu ilirudi hata baada ya kupiga deki. Mlango wa chumba cha pili nao una mikwaruzo sehemu ya chini. Mwenye nyumba hajui.

Nauliza: paka ni mifugo? Mtu anaweza kubadilisha masharti nikiwa tayari ndani ya nyumba? Na kabla ya tarehe 31 nifanye nini? Nimekaa hapa miaka, sheria lazima inilinde.

Mama Wawili, Kisauni


Waaleikum salaam Mama Wawili,

Uliingia na paka, mwenye nyumba akamwona na kufurahi, mkaishi hivyo miaka. Sasa mtu ambaye hakuwepo siku ile anakupa siku 17 uchague kati ya wanyama hao na paa lako, na juu yake anaweka faini. Na mtoto amekwisha kujipa kazi ya ulinzi. Pole sana. Kabla ya sheria, zungumza na kijana huyo: mwambie hakuna paka atakayetiwa guniani. Hilo liko mikononi mwako, hata mengine yawe bado.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lenye utamu. Ukifuata asili ya neno, kila kifugwacho ni mfugo, na paka anafugwa. Ukifuata matumizi, mtu akikwambia ana mifugo nyumbani humtarajii atoe paka. Unatarajia mbuzi, kuku, labda bata. Kwa hiyo kifungu cha 7 kina utata, na mahakama zikikuta maneno ya mkataba yenye maana mbili, huelekea kuyasoma dhidi ya aliyeyaandika, ambaye ni mwenye nyumba. Tena utakumbuka kwamba ajenti mwenyewe hakutosheka na "mifugo". Ilimbidi aorodheshe mbwa, paka, kuku na ndege. Kama neno la zamani lilikuwa linawabeba wote, orodha ilikuwa ya nini?

Maneno ya mzee siku ya funguo nayo yanaonyesha ninyi wawili mlikielewaje kifungu hicho. Lakini jiulize, nani mwingine aliyasikia? Kama mama alikuwepo, aandike sasa anachokumbuka, aweke tarehe na sahihi. Na tuwe wakweli: mzee alimwona paka mmoja. Kusema "atatupunguzia panya" ni vigumu kukugeuza kuwa ruhusa ya paka wawili, seuze uzazi wa wanne.

Sasa nikuguse palipo laini. Umeandika kwamba kwa kuwa umekaa miaka, sheria lazima ikulinde. Inakulinda, ila si kwa kiasi unachodhani, na miaka yenyewe haiongezi sana. Mkataba wako wa mwaka uliisha Mei 2023. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya mkataba kwisha, huhesabiwa kwamba upangaji wa mwezi kwa mwezi umeanza. Huko ndiko uliko leo. Ungekuwa katikati ya mkataba wa muda maalumu, ningekwambia hana njia ya kubadilisha sharti bila wewe kukubali hadi muda uishe, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umempa nafasi ya kutunga kanuni mpya. Katika upangaji wa mwezi kwa mwezi bado hawezi kubadilisha sharti kwa ujumbe mmoja, ila anaweza kuuvunja upangaji wenyewe kwa notisi halali, na kwa nyumba ya kuishi yenye kodi kama yako hatakiwi hata kutoa sababu. Kisha anaweza kukupa mkataba mpya wenye sharti la kutokuwa na paka. Ndiyo maana hoja ya mifugo, hata ukishinda, huenda ikakununulia wiki kadhaa tu.

Wiki hizo zina thamani, basi tuzihesabu. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinataka notisi isiyopungua kipindi cha upangaji, yaani mwezi mmoja kwako, na iishe katika siku ya kulipa kodi. Tuchukulie, kwa kumpendelea ajenti, kwamba ujumbe wa tarehe 14 Mei ni notisi. Mwezi mmoja unatimia tarehe 14 Juni. Hiyo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Julai. Kwa hiyo hata ukisomwa kwa ukarimu kiasi gani, ujumbe ule hauwezi kukutoa tarehe 31 Mei. Na kuusoma hivyo ni ukarimu kweli, kwa sababu umesema "aondoe au aachilie nyumba" kwa watu wote kundini. Haukukutaja wewe, wala haukusema waziwazi kwamba upangaji wako unakoma siku fulani. Kifungu chenu cha 11 kinataka maandishi, na kama ujumbe wa WhatsApp wa kundi unatosha kuwa maandishi hayo, wanasheria watabishana. Usiweke uzito wako wote hapo. Ajenti mwenye akili akiusoma upinzani wako ataandika notisi sahihi kesho yake, na hesabu itaanza upya.

Faini ni jambo jingine, na hapo uko imara zaidi. Deni la mpangaji hutokana na mkataba au sheria. Faini ya 5,000 haimo katika kurasa zenu mbili, na hukuikubali. Dipoziti ni dhamana ya kodi isiyolipwa na uharibifu. Kuikata kwa ajili ya uwepo wa mnyama, bila uharibifu wowote, ni kuchukua fedha zako. Ikifika hapo siku ya kuhama, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha zisizozidi shilingi milioni moja, zikiwemo fedha zako zilizopokelewa na kushikiliwa na mtu mwingine. Sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini mlango uliokwaruzwa ni uharibifu halisi. Huo wanaweza kuukata kwa haki, kwa gharama halisi ya kuutengeneza.

Ushauri wa kaka umetoka moyoni, ila ndio ulio hatari kuliko yote. Ukigoma kulipa unahama kutoka mpangaji mwema mwenye paka hadi mdaiwa. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura 293, inampa mwenye nyumba njia ya kutuma dalali mwenye leseni achukue vitu vyako, na hakuna atakayeuliza habari za Kibibi. Tarehe 5 lipa, mapema, kwa namba ileile unayolipia siku zote, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Jirani naye hajakosea sana. Baraza la kodi za nyumba lipo, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura 296, na wapangaji wanaolindwa nayo ni vigumu kuwatoa. Tatizo ni kwamba linahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa 18,000 utapoteza nauli. Mzozo kama wako ukifika mbali huenda kwa hakimu aliyepewa mamlaka ya kesi za ardhi, kuomba zuio. Hiyo ni njia ya gharama, na sioni kama paka wawili na mwezi mmoja wa ziada wanaihitaji, ila mambo yakigeuka: wakibadilisha kufuli, wakikukatia maji au umeme, au wakitoa vitu nje. Sheria ya Ardhi inampa mpangaji anayelipa kodi haki ya kukaa kwa utulivu, na hayo matatu yanaivunja waziwazi. Ikitokea, piga picha, andika saa, toa taarifa polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha nenda Kituo cha Sheria. Wana ofisi Mombasa na hutoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo.

Kuhusu soko la samaki, msimamizi huenda alidhani anakusaidia. Paka aliyelelewa ndani hajui mbwa, magari wala paka wa mtaa wenye himaya zao, na kumtelekeza mnyama ateseke ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360. Sheria hiyohiyo inakataza kuwatilia sumu. Nalitaja hili kwa sababu ugomvi wa paka kwenye majengo mara nyingine huishia kwenye kipande cha nyama kilichotiwa kitu. Mpaka jambo hili litulie, wasitoke nje ya mlango wako hata kidogo.

Sasa niulize wewe: unadhani nani hasa hataki paka? Kichwa cha barua yako kinasema "mwenye nyumba," ilhali aliyeandika ni ajenti, mwezi mmoja baada ya kukabidhiwa kazi, katikati ya vita vya mbwa. Ajenti wengi wana karatasi moja ya kanuni wanayoibandika kila jengo. Inawezekana kabisa mzee hajawahi kuketi akamfikiria Kibibi. Inawezekana pia kwamba ile harufu ya ngazini ilimfikia na hakukwambia. Huwezi kujua bila kumwona uso kwa uso, na ningekuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Nenda na mama kama wanaheshimiana. Usianze na kifungu cha 57. Anza na ngazi, wewe mwenyewe ukiitaja kabla yake. Mtu akisikia unakiri kosa ambalo hukulazimishwa kulikiri, husikiliza tofauti.

Na uende ukiwa umekwisha kuanza kutengeneza. Harufu ya mkojo wa paka hurudi siku za joto na unyevu kwa sababu chembechembe za asidi ya yuriki hubaki ndani ya vitundu vidogovidogo vya saruji. Maji na sabuni haziziyeyushi, unyevu ukija zinatoa harufu upya. Usitumie dawa ya kung'arisha yenye klorini: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa yenye sumu. Tafuta kisafishaji chenye vimeng'enya (enzymes) kwa wauza bidhaa za wanyama, loweka sehemu yenyewe hadi saruji inywe, ifunike kwa kitambaa au plastiki usiku kucha ili isikauke upesi, kisha uache ikauke yenyewe. Mara moja huwa haitoshi. Saruji isiyopakwa rangi hudai mara mbili au tatu. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husaidia kupunguza, haimalizi.

Mlango ni kazi ya Jumamosi moja: msasa namba 120 kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, puti kwenye mikwaruzo mirefu, ukikauka msasa namba 220, halafu vanishi mikono miwili ya rangi inayolingana. Jaribu rangi kwanza sehemu ya chini kabisa. Kisha mpe Pili mahali pake pa kunoa kucha, gogo lililozungushiwa kamba ya katani, urefu wa kutosha anyooke wima, liwekwe palepale mlangoni alipozoea. Likiwekwa pembeni atarudi mlangoni.

Vikojoleo viwe vitatu kwa paka wawili ukiweza, viwili vikikosa nafasi, mchanga mkavu au vumbi la mbao kina cha sentimita tano hadi saba, uchafu uchotwe kila siku. Na tafadhali usimwage mchanga huo chooni. Mabomba ya ghorofa yanashirikiwa, na siku yakiziba fundi atavuta mchanga wa paka, na hapo hakuna kifungu kitakachokuokoa.

Lililo zito kuliko yote umelipita haraka: Kibibi alizaa. Barua haisemi kama amefungwa kizazi baada ya hapo, wala Pili ni jike au dume. Ujauzito wa paka ni takriban siku 63, na paka anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu. Ukiwa mwenye nyumba ukamwona mmoja kuwa wawili, ungehesabu wangapi mwakani? Waone daktari wa mifugo (naam, daktari wa mifugo ndiye atibuye paka, hoja ambayo ajenti anaweza kuitumia dhidi yako) wafungwe kizazi au kuhasiwa, na wapate chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hapa hurudiwa kila mwaka. Kadi mbili zenye muhuri mezani zina nguvu kuliko maneno mengi.

Kwa mzee omba sharti la kuandikwa badala ya huruma. Kitu kama hiki: "Mwenye nyumba anamruhusu mpangaji kuwa na paka wawili tu, waliofungwa kizazi na wenye chanjo ya mwaka, watakaokaa ndani ya nyumba muda wote. Mpangaji atalipia uharibifu wowote utakaosababishwa na paka hao. Hataongeza wala kubadilisha paka bila idhini ya maandishi. Ruhusa hii itadumu kwa muda wote wa upangaji." Pamoja nalo omba mkataba mpya wa mwaka mmoja. Hilo ndilo lenye faida kwako hasa, kwa kuwa linakutoa kwenye mwezi kwa mwezi. Mkataba wa hadi miaka miwili hauhitaji kusajiliwa katika ofisi ya ardhi, lakini ulipiwe ushuru wa stempu. Usiolipiwa huwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru na adhabu yake vilipwe.

Lina bei yake, na lipime. Ukimwomba mkataba mpya unampa pia nafasi ya kupandisha kodi. Huenda akataka dipoziti ya ziada kwa ajili ya paka. Ukikubali, iandikwe kwamba inarudishwa, inagharimia nini, anaishika nani, nawe upate risiti; bila hayo ni ada tu iliyobatizwa jina. Na ukifungwa mwaka mzima, wewe nawe hutahama miezi minne baadaye bila gharama.

Kuna njia nyingine. Unaweza kukaa kimya, kulipa kodi, kuwafungia ndani na kungoja kama ajenti atafuatilia. Wengi hufanya hivyo, na mara nyingine dhoruba hupita mbwa akiondoka. Ila utaishi ukishtuka kila hodi, na mtoto atazidi kulifunga kabati. Unaweza kumhamishia Pili kwa ndugu na kubaki na Kibibi, ambaye ruhusa yake ina mguu wa kusimamia. Nalisema kwa uzito, najua wewe ni Mama Wawili. Na unaweza kumsikiliza mama. Kuhama si kushindwa, hasa ukihama kwa ratiba yako: notisi yako mwenyewe ya mwezi, ishie tarehe 5, mlango umepigwa vanishi, picha za kila chumba zenye tarehe, na kabla ya kulipa kule mpya paka watajwe kwa jina lao katika mkataba. Waulize mapema, usiingie na kikapu ukitumaini kichekesho kingine.

Watakushawishi pia ujiunge na jirani wa ghorofa ya tatu muwe sauti moja. Fikiri kwanza. Kuhusu faini na muda wa notisi mna kesi moja, na sahihi nyingi hupunguza uwezekano wa mtu mmoja kuandamwa. Kuhusu wanyama wenyewe, kesi yake ni kinyesi kwenye kamba za nguo za watu. Barua ya pamoja inaweza kuhusu yale mawili tu, na ombi la paka likaenda peke yake.

Kabla ya tarehe 31, lolote utakaloamua, yapo ya kufanya leo. Usijibu kundini, jibu lolote la hasira pale litasomwa na hakimu siku moja. Hamisha mazungumzo yote ya kundi na ya mzee kuwa faili, usifute chochote, na simu yenyewe usiiuze. Picha za skrini pekee huwa na upungufu: ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa gani kilitoa nakala na nani alikitumia. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa ajenti, nakala kwa mzee: kwamba umeona ujumbe wa tarehe 14 Mei, kwamba uliingia Juni 2022 na paka kwa kujua kwake, kwamba hukubali faini isiyo katika mkataba, kwamba utaendelea kulipa kodi, na kwamba ungependa kuzungumza kuhusu mkataba mpya. Usiweke tisho ndani yake. Ichapishe nakala tatu, na moja mkabidhi msimamizi mkononi, umwombe aandike "nimepokea", tarehe na jina lake nyuma ya ile utakayobaki nayo.